Mpwa wangu alikiri kwa makubaliano, hakimu akakataa. Sasa ile karatasi inaweza kuletwa kama ushahidi?

MjombaKisauni

Assalam aleikum na habari za jioni kwa wote. Naomba msaada wa anayeijua sheria ya Kenya vizuri manake hapa nyumbani tumechanganyikiwa, kila anayeingia ana lake la kusema.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, miaka 23, alikuwa karani wa stoo kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Mwezi wa tatu mali ikahesabiwa ikaonekana vigae vimepungua maboksi 46. Wakatafutwa yeye na dereva wa lori, dereva akatoweka, akabaki yeye. Akashtakiwa wizi wa mtumishi, kifungu 281, ambacho kinafika miaka 7. Dhamana alipata, dada aliweka logibuku ya tuktuk yake.

Wakili tuliyekuwa naye akatushauri tuongee na prosekuta, yaani mwendesha mashtaka, kosa lishuke liwe wizi wa kawaida wa kifungu 275, ambao mwisho wake ni miaka 3, na kwa vile kijana hana rekodi huenda akapewa kifungo cha nje. Tukakubali. Wakaingia ofisini kwa prosekuta, yeye na wakili na mpelelezi, mimi nikakaa nje kwenye benchi kama saa nzima. Mle ndani kijana akasema kweli usiku mmoja alimfungulia dereva geti yakatoka maboksi 12, yale 34 mengine hayajui kabisa, na akataja na nyumba yalikoshushwa. Ikachapwa karatasi ya kurasa nne, Kiingereza kitupu, akatia sahihi kila ukurasa. Na shilingi elfu 30 tukamlipa tajiri wake, manake iliandikwa humo humo kwamba alipe.

Siku ya korti hakimu akamwapisha, akamuuliza hii karatasi umesomewa kwa lugha gani. Akajibu sikusomewa mheshimiwa, niliambiwa nitie sahihi niende nyumbani. Akaulizwa sasa unakubali kwamba uliiba? Akasema mimi nilifungua geti tu, sikujua kama yale maboksi hayana risiti. Hakimu akanyamaza akaandika kwa muda mrefu, kisha akasema makubaliano haya siyapokei, akaandika kwamba mshtakiwa amekana mashtaka, akapanga tarehe nyingine.

Juzi tumepewa nakala za ushahidi wa upande wa mashtaka. Namba 9 kwenye orodha ni ILE KARATASI. Alafu mpelelezi kwenye taarifa yake kaandika mshtakiwa alikiri mbele ya wakili wake na akaonyesha mali ilipo. Dada tangu siku hiyo hali wala halali. Je hili linaruhusiwa? Na yule yule hakimu aliyeyasikia haya yote ndio atakayeamua kesi? Wakili ametuacha, pesa zimeisha, mensheni, siku ya kesi kutajwa, ni Alhamisi ya wiki ijayo.

jirani_mtwapa

Pole sana mjomba. Lakini nisikufiche, sahihi ni sahihi. Kijana alikuwa na wakili wake pale, hakupigwa, hakutishwa. Ninavyoona mimi hio karatasi itaingia na itammaliza, bora mrudi mkaongee tena na prosekuta kabla hakijanuka zaidi.

Wakili_Nyali

Ndugu wa Mtwapa najua umesema kwa nia njema lakini hapo si kweli, na ushauri kama huo ndio unaowafanya watu wakubali makosa mara ya pili kwa hofu. Mjomba soma hii taratibu, ukiweza mchapishie dada yako.

Tafuta Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, yaani Criminal Procedure Code, sura ya 75, vifungu vya 137A mpaka 137O. Hiyo ndiyo sehemu ya makubaliano ya kukiri. Nenda moja kwa moja 137J. Hakimu akikataa makubaliano yanatokea mambo manne kwa pamoja: anaandika sababu na kuwaeleza wahusika, makubaliano yanakuwa batili na hakuna anayefungwa nayo, yale yaliyofanyika kuyafikia makubaliano hayapokelewi kwenye kesi itakayofuata wala kesi nyingine yoyote ya baadaye kuhusu tukio lile lile, na mshtakiwa anaandikiwa kwamba amekana. Umesema mwenyewe hakimu aliandika amekana. Basi na yale mengine matatu yapo, hayahitaji kuombewa, yanakuja na sheria.

Kisha shuka mpaka 137M. Hicho kinasema hata kama kuna sheria nyingine yoyote inayosema vingine, maneno au mambo aliyoyaeleza mshtakiwa ndani ya makubaliano ya kukiri hayatatumika kwa shughuli nyingine yoyote ila hii ya makubaliano. Namba 9 kwenye orodha yenu ni shughuli nyingine. Haifai kuwa pale.

Sasa kuna kitu nataka ukione mwenyewe kwa sababu prosekuta mjanja atakiona. 137M inazungumzia maneno yaliyo NDANI YA makubaliano, yaani kwenye ile karatasi. Yale aliyoyasema kwa mdomo mle ofisini ambayo hayakuandikwa je? Na yule mpelelezi aliyekaa pembeni akisikiliza? Hapo mnakimbilia Sheria ya Ushahidi, sura ya 80, kifungu 25A. Kukiri kosa, au hata kukubali jambo moja tu linaloelekea kuthibitisha kosa, hakupokelewi dhidi ya mshtakiwa isipokuwa amekiri kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye SIYE mpelelezi wa kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshtakiwa mwenyewe. Kikao cha ofisini kwa prosekuta si korti. Mpelelezi ndiye hasa aliyekatazwa kwa jina la kazi yake. Kwa hiyo ile mistari ya alikiri mbele ya wakili wake mnaomba ifutwe kwenye taarifa yake, na akipanda kizimbani asiulizwe habari hiyo. Na nyuma ya yote hayo kuna Katiba ya 2010, ibara ya 50(4), inayoitaka korti itupe ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki kama kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki.

Mtakalobishana kweli kweli ni yale maboksi 12. Maneno yanalindwa, vitu ni habari nyingine. Kama polisi walienda kwenye ile nyumba na kuyakuta, watasema hatuleti maneno yake, tunaleta vigae. Hapo wakili wenu atasimama na hiyo 50(4) kwamba kuyafikia maboksi ni matunda ya mazungumzo yaliyolindwa na yasiyoeleweka kwa mshtakiwa. Sitaki kukudanganya kwamba hilo ni jepesi. Umesema akaonyesha mali ilipo, je walienda? Waliyachukua? Kuna hati ya kukamata mali imeandikwa siku gani? Niambie.

Kuhusu hakimu, 137J hiyo hiyo inasema baada ya makubaliano kukataliwa kesi inaweza kuanza upya mbele ya korti nyingine, ila mshtakiwa ndiye anayetakiwa kutoa taarifa kwamba anataka hivyo. Kwa hiyo Alhamisi msikae kimya.

Elfu 30, kama imeandikwa ndani ya makubaliano basi ilikuwa sharti lake, na makubaliano yameanguka. Tunzeni risiti. Ila niambie, kijana hakumwandikia tajiri barua ya kuomba msamaha pembeni?

dada_tudor

Wakili samahani nauliza na mimi hapo hapo, je ingekuwa hakimu amekubali alafu kijana mwenyewe ndio akabadili mawazo? Kaka yangu alipitia hivyo akaambiwa ukishasema kweli umefunga mlango.

Wakili_Nyali

Inategemea umefika hatua gani dada. Kifungu 137K. Kabla korti haijapokea kukiri kwako unaweza kukuondoa kwa sababu yoyote, hata ukisema nimelala nimeamka sitaki. Korti ikishapokea na kukutia hatiani lakini haijatamka adhabu, bado unaweza, ila uionyeshe korti sababu ya haki na ya maana: hukuelewa lugha, ulidanganywa, ulikuwa mgonjwa. Ikishatamka adhabu ndipo mlango unapofungwa, na hata hapo si wote, 137L inakuachia rufaa juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu. Na ukiondoa kukiri kwako kwa njia ya 137K, ile 137M bado inayalinda maneno ya kwenye karatasi. Ukikubali kisha ukaondoa, hubaki na doa la kukubali.

Na makosa ya Sheria ya Makosa ya Kingono hayamo kwenye mpango huu kabisa, nalisema kwa sababu kila wiki napigiwa simu na familia inayotaka kuongea na prosekuta kwa kesi ya namna hiyo.

karani_mstaafu

Nimefanya kazi ya ukarani na kutafsiri kortini zaidi ya miaka 25, nimestaafu, nimeisoma hii habari ya kijana ikanikumbusha mengi.

Watu hawajui neno "ni kweli" linavyoumiza. Mshtakiwa anasomewa shtaka, mimi namtafsiria, anasema ni kweli, hakimu anaandika kwa Kiswahili vile vile, ni kweli, basi. Nimeona mtu amesema ni kweli akimaanisha ni kweli nilikuwepo. Ndio maana tangu ile kesi ya Adan, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973, utaratibu ni usome shtaka kwa lugha yake, aseme kwa maneno yake mwenyewe, kisha prosekuta asimulie tukio lilivyokuwa, na mshtakiwa aulizwe je haya yaliyosimuliwa ni sawa? Akisema hapana mimi nilifungua geti tu, hakimu anabadilisha anaandika amekana. Huyo hakimu wenu alifanya kazi yake vizuri, mumshukuru, wapo wengine wangepita haraka kwa vile orodha ya siku ina kesi 60.

Na kama kuna anayejiuliza kwa nini sheria inayafunika maneno ya kikao, mimi naona ni sawa na kusuluhishwa nyumbani. Mnakwenda kwa mzee, mume anasema haya nimekosa nilimpiga, mke anasema haya nilitoka bila kuaga, wanasema hivyo kwa sababu wanatafuta suluhu. Suluhu ikishindikana, mzee hawezi kwenda kwa kadhi akasema huyu alikubali mbele yangu. Akifanya hivyo mara moja hakuna atakayekaa kwake tena akasema ukweli. Prosekuta naye anahitaji watu wakae waseme, bila hivyo makorti yote yangejaa kesi ndogo ndogo zisizokwisha.

Mjomba, ushauri wa karani: msisubiri mpelelezi apande kizimbani ndio mseme tunapinga. Karatasi ikishatolewa mfukoni, hakimu akaipokea mkononi akaisoma kwanza ili aamue kama inafaa, ameshaiona, na binadamu hawezi kusahau alichokiona. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara nyingi, hakimu anasema nimeikataa lakini uso umeshabadilika. Pingeni kabla, kwenye mensheni, faili ikiwa bado imefungwa.

dar_mbezi

Huku Tanzania tulipata sheria ya makubaliano haya ya kukiri 2019, marekebisho namba 4, kifungu 194A kuendelea kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ilikuja wakati ule ule Rais Magufuli alipowapa wa uhujumu uchumi nafasi ya kuomba msamaha na kurudisha pesa, mwezi wa tisa 2019, DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, akaripoti washtakiwa 467 wamekubali kurudisha shilingi bilioni 107.8. Mimi nilikuwa na rafiki rumande kipindi kile kwa shtaka la utakatishaji fedha, ambalo halina dhamana. Ukimuuliza ungekubali kosa? anakujibu ningekubali lolote nikamwone mtoto wangu. Alikuwa na mtoto wa miezi minne hajawahi kumbeba. Kwa hiyo ninyi mnaosema alisaini kwa hiari mjiulize hiari ya mtu aliye ndani ina uzito gani. Ulinzi wa maneno hayo si upendeleo kwa wezi jamani, ni kwa yeyote atakayejikuta mle.

mkalimani_ohio

Natafsiri kortini huku Columbus, Marekani, wateja wangu wengi ni Wakongo na Wasomali waliopitia Kenya. Nimesoma hii thredi nikaona niseme kitu kwa wale wenye ndugu huku, kwa sababu sheria inafanana kwa juu lakini chini kuna shimo.

Kwenye korti za serikali kuu ya hapa ipo Kanuni ya 410 ya ushahidi. Kukiri kulikoondolewa hakutumiki dhidi yako, iwe kesi ya jinai au ya madai, wala maneno ya kikao cha makubaliano na prosekuta kama hayakuzaa kukiri. Asili yake ni ya zamani, mwaka 1927 kwenye kesi ya Kercheval Mahakama Kuu kabisa ya hapa ilisema korti ikishamruhusu mtu kuondoa kukiri kwake basi kukiri kule kumehesabiwa kuwa si kitu, haiwezekani tena ukakuleta kwa baraza la wazee wa mahakama kama ushahidi.

Shimo ni hili. Ulinzi huo unaweza kuusaini uondoke. Mwaka 1991 kule San Diego jamaa mmoja wa kesi ya dawa za kulevya alikwenda na wakili wake kuongea na prosekuta. Kabla hawajaanza prosekuta akamwambia useme ukweli wote, na ukisimama kortini ukasema kinyume nitayatumia maneno yako ya leo kukuumbua. Akashauriana na wakili, akakubali. Kwenye mazungumzo akakamatwa anadanganya, kikao kikavunjika. Kesi ikasikilizwa, akapanda kujitetea, akasema vingine, prosekuta akayatoa yale maneno. Ikafika Mahakama Kuu, kesi ya Mezzanatto, 1995, majaji 7 kwa 2 wakasema ni halali, alikubali mwenyewe. Tangu hapo ile karatasi ya kuachia ulinzi inawekwa mezani kabla ya kikao kama vile ni fomu ya hospitali. Nimekaa kwenye vyumba hivyo. Kuna mama mmoja wa Bukavu niliyemtafsiria karatasi hiyo mstari kwa mstari, alipofika hapo akaweka kalamu chini akaniuliza, kwa hiyo nikisema wananikamata na nikinyamaza wananikamata? Nikamwambia mimi ni mdomo tu mama, hilo muulize wakili wako, na nikasubiri mpaka akaulizwa na kujibiwa kabla hajasaini.

Na kingine, kanuni hiyo inamlinda aliyeongea na mwanasheria wa mashtaka. Ukiongea na polisi peke yake ukidhani mnapatana, huko haikufuati. Mjomba, mwambie kijana hata huko Kenya, asijibu simu ya mpelelezi.

jirani_mtwapa

Nimesoma yote. Mjomba nilikosea, niwie radhi. Sikujua hicho kifungu cha 137J.

MjombaKisauni

Hakuna neno jirani, ulinijali ndio maana uliandika.

Wakili nakujibu. Barua kwa tajiri hakuandika, nimemuuliza mara tatu ameapa. Nyumba aliyoitaja kijana, polisi walienda siku ya pili yake, wakayakuta maboksi 9, sio 12, na hati ya kukamata mali ina tarehe ya siku hiyo, ipo kwenye nakala tulizopewa ni namba 6. Kwenye hati imeandikwa "kufuatia taarifa za siri". Yaani wenyewe hawakuandika kwamba ni kijana aliyewaambia.

Wakili_Nyali

Hilo la "taarifa za siri" usilipuuze hata kidogo. Tarehe ya kikao unayo, tarehe ya kukamata ni siku moja baadaye, na mpelelezi kwenye taarifa yake amesema mshtakiwa ndiye aliyeonyesha mali. Karatasi mbili za mtu mmoja zinasema vitu viwili. Iwekeni hiyo namba 6 pamoja na taarifa yake, msizitenganishe.

Alhamisi kijana aseme mambo matatu kwa Kiswahili, asijaribu Kiingereza: naomba kesi yangu isikilizwe na korti nyingine kwa sababu makubaliano yalikataliwa, napinga namba 9 isiingie wala isisomwe, kifungu 137J na 137M, na sina uwezo wa wakili naomba msaada. Aandike kwenye karatasi na aisome, hakuna ubaya. Kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016, muulizeni karani wa korti ofisi yao ya Pwani iko wapi mwende kabla ya Alhamisi, sio baada.

MjombaKisauni

Wapendwa narudi na habari, nilisema nitarudi.

Alhamisi tulienda, mimi na dada na kijana. Alikuwa ameandika kwenye daftari la dogo wake la shule, mkono unamtetemeka mpaka karani akamwambia pumua kwanza. Akasoma. Alipofika 137J hakimu akainua macho akamuuliza nani amekufundisha hiki, akasema nilisoma mheshimiwa. Prosekuta akasimama akasema hana pingamizi kuhusu korti nyingine, na kuhusu namba 9 akasema ataipitia. Hakimu akamwambia huipitii, unaiondoa kwenye orodha, na nakala iliyoko kwenye faili itiwe kwenye bahasha ifungwe kabla faili haijahama. Tukaiona bahasha inafungwa kwa gamu pale pale mbele yetu.

Faili imeenda korti namba 4, hakimu ni mwanamke, hatumjui naye hatujui. Msaada wa kisheria wametuandikia jina la wakili, mtu wa makamo hivi, ameshazichukua namba 6 na taarifa ya mpelelezi akaziweka pamoja kama ulivyosema. Kusikilizwa ni tarehe 14 mwezi ujao.

Dada alikula jana. Wali na samaki, sahani nzima.

Hayo maboksi 9 ndio yamebaki. Wakili_Nyali kama una kesi yoyote ya hapa Kenya ambayo korti iliyatupa vitu kwa sababu ya ibara ya 50(4) niandikie nimpelekee huyu wakili wetu mpya, anasema atakuwa nazo lakini zaidi hazidhuru.